Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Elimu ya Awali: Msituambie Watoto Hawaoni

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi mnaoandaa mitaala ya awali, mnaosimamia vyuo vya ualimu, mnaotuma wakaguzi madarasani na mnaoidhinisha vitabu vinavyoingia mikononi mwa watoto wetu. Nimefundisha watoto wa miaka mitatu hadi sita kwa miaka 22. Sina cheo kingine cha kuzungumzia zaidi ya hicho.

Kwenye kona ya darasa langu kuna nyumba ya kuchezea: meza fupi, vikombe vya plastiki, shuka kuukuu tulilolifanya pazia, na wanasesere wawili waliokwisha kukatika nywele. Watoto hucheza baba na mama pale kila siku baada ya hadithi. Mwaka mmoja niligundua, tena kwa kuchelewa, muhula wa pili ukiwa umefika katikati, kwamba msichana mmoja wa miaka mitano hajawahi hata siku moja kuwa mama. Hakuwa mama, hakuwa dada, hakuwa hata mtoto wa nyumba ile. Alikuwa mfanyakazi. Wenzake wakikaa mezani, yeye anaosha vikombe. Nikawauliza kwa nini iwe yeye kila siku. Mmoja wao alinijibu bila chuki yoyote usoni, kama anayemweleza mtu mzima jambo ambalo alipaswa kulijua: "Si ndivyo anavyoongea, mwalimu."

Lafudhi yake, masikioni mwao, ilikuwa lafudhi ya watu wanaoosha vyombo vya wengine. Hakuna aliyewaketisha akawafundisha hivyo. Walisikiliza nyumbani, wakasikiliza njiani, wakatazama vipindi vya televisheni ambamo mwenye lafudhi ile huwekwa ili achekeshe au atumwe, kisha wakajumlisha wenyewe. Na kwa dunia waliyokuwa wameiona, hesabu yao haikuwa na kosa. Mimi nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka pale kwa miezi mitano, nikijaza kitabu cha maendeleo ya mtoto. Chini ya jina la yule msichana nilikuwa nimeandika: "Anashirikiana vizuri na wenzake katika michezo."

Kwa hiyo msinisome kama mtu aliyekuja kuwanyooshea wenzake kidole. Wa kwanza kufumba macho nilikuwa mimi. Ila kufumba macho huko nilikufundishwa, na waliokuweka kwenye mafunzo yetu ni ninyi.

Chuoni tulikuwa na sentensi moja tuliyoipenda wote: watoto hawabagui, ubaguzi ni wa wakubwa. Tuliiandika madaftarini, wengine wakaibandika ukutani kwa karatasi za rangi. Ni sentensi nzuri ya kumsomea mgeni rasmi. Ubaya wake ni kwamba inampa mwalimu ruhusa ya kutotazama. Kama watoto hawaoni tofauti, basi yule aliyeosha vikombe miezi mitano alipenda mwenyewe kuosha vikombe.

Wanaochunguza watoto wameshaonyesha kwamba sentensi ile si ya kweli. Mwaka 2005 utafiti uliofanyika Uingereza uliona kwamba mtoto aliyezaliwa siku chache zilizopita hatofautishi nyuso za watu wa asili mbalimbali kwa kuzitazama zaidi au pungufu, lakini akifika miezi 3 macho yake tayari hukaa zaidi kwenye nyuso zinazofanana na za wanaomlea. Mwaka uliofuata, watafiti wengine wakakuta kwamba watoto wachanga wa asili ya Ethiopia waliokuwa wakikulia Israel, waliokuwa wamezoea kuona nyuso za aina zote mbili kila siku, hawakuwa na upendeleo huo. Kwa upande wa sauti, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mtoto wa miezi 10 akinyooshewa mdoli na watu wawili, mmoja amezungumza lugha ya kwao na mwingine lugha ngeni, huelekea kuuchukua wa yule wa lugha ya kwao. Watoto wa miaka 5 wakiambiwa wachague rafiki, huelekea kumchagua mwenye lafudhi kama yao.

Hayo peke yake hayanitishi. Kupenda uso uliouzoea na sauti iliyokubembeleza si kosa, ndivyo mtoto anavyojua nani wa kumkimbilia. Kazi inaanza pale anapojifunza kwamba uso ule mwingine, na sauti ile nyingine, una ngazi yake, na kwamba ngazi hiyo iko juu au chini ya yake.

Ngazi hizo huzijua mapema kuliko tunavyotaka kuamini. Kwenye miaka ya 1940, nchini Marekani, wanasaikolojia wawili, Mamie Clark na mumewe Kenneth, waliwawekea watoto 253 weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere wanne waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Wakawauliza yupi mzuri, yupi mbaya, yupi wangependa kucheza naye. Wengi wao walimchagua mweupe kuwa mzuri. Kisha likaja swali la mwisho: nionyeshe anayefanana na wewe. Kuna watoto waliolia hapo, na wengine waliondoka chumbani. Matokeo hayo yalikuwa miongoni mwa ushahidi uliofika Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi iliyotoa hukumu mwaka 1954 kwamba kutenga shule kwa rangi ni kinyume cha katiba. Watu wengi huikumbuka hukumu. Mimi hukumbuka umri wa wale watoto: mdogo wao alikuwa na miaka mitatu. Ndio hao hao mnaotuletea sisi.

Sasa tazameni sisi walimu tunavyowapokea. Mtoto anauliza kwa sauti, mbele ya wote, kwa nini ngozi ya fulani iko vile. Mwalimu anashtuka, anaweka kidole mdomoni: "Shh! Si adabu kuuliza hivyo." Tunadhani tumezima ubaguzi. Yule mtoto aliuliza kuhusu ngozi kwa moyo ule ule aliouliza nao jana kwa nini mkia wa mjusi umekatika na bado unachezacheza. Kabla hajakemewa, ngozi ile ilikuwa jambo la kushangaza. Baada ya kukemewa imekuwa jambo la aibu. Na yule mwenye ngozi yake, aliyekuwa ameketi pale pale akisikia, ndiye aliyejifunza zaidi kuliko wote. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu; mshindo huu nimeusikia ukitokea miaka mitatu baadaye, kwenye uwanja wa shule ya msingi, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Jibu la swali lile halizidi nusu dakika. "Ngozi yake ina rangi nyingi kuliko yako. Aliipata kwa wazazi wake, kama wewe ulivyoipata yako kwa wazazi wako. Umeshamuuliza jina lake?" Basi. Lakini jibu hilo halimjii mtu mdomoni ghafla, linahitaji kuzoewa. Chuoni tulifanya mazoezi ya kushika chaki, ya kupanga foleni, ya kumtuliza mtoto anayelia. Hatukufanya hata saa moja ya mazoezi ya kumjibu mtoto aliyesema "sitaki kumshika mkono, ni mchafu." Ombi langu la kwanza ni hilo, na nalitaja wazi ili lisipotee: wekeni mazoezi hayo kwenye mafunzo ya ualimu. Sizungumzii mhadhara kuhusu utofauti. Nataka walimu wanafunzi wasimame wawili wawili, mmoja awe mtoto, mwingine ajibu, na mkufunzi asikilize mpaka ndimi zao zizoee.

Najua kuna hoja inayokuja, kwa sababu nimeisikia kwenye kila semina: mkiwatajia watoto mambo ya rangi na kabila na dini, mnawatia ubaguzi ambao hawakuwa nao. Hoja hii siidharau. Ina ukweli ndani yake, ila umewekwa mahali pasipo pake.

Mwanasaikolojia Rebecca Bigler na wenzake waliwahi kuwavalisha watoto fulana za rangi mbili, nusu rangi moja, nusu nyingine. Kwenye baadhi ya madarasa mwalimu alizitumia rangi hizo: foleni ya hawa, meza za wale, ubao wa hawa. Kwenye madarasa mengine mwalimu hakuzijali. Pale mwalimu alipozitumia ndipo watoto walipoanza kuliona kundi lao bora zaidi. Fulana tu! Kwa hiyo ni kweli, mwalimu anaweza kuzaa ubaguzi. Anauzaa kwa kuwapanga watoto kwa makundi. Nasi huwapanga kila siku: wavulana huku, wasichana kule, wanaojua meza ya mbele, wasiojua nyuma karibu na mlango, wa dini hii wabaki, wa dini ile wakasubiri nje. Kisha tunasema hatuyataji makundi. Tumeyataja kwa viti.

Kumpanga mtoto kwa kundi lake ni jambo moja, na kuzungumza naye kuhusu kundi hilo ni jambo lingine kabisa. La kwanza tunalifanya bila kufikiri, la pili tunaliogopa. Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2010, uliwasomea watoto wa miaka 8 hadi 11 hadithi. Kundi moja lilisikia ujumbe kwamba tusijali tofauti za rangi, jingine likasikia kwamba tofauti hizo zithaminiwe. Baadaye wakasimuliwa visa, na kimojawapo kilikuwa cha ubaguzi wa wazi kabisa. Wale walioambiwa wasijali tofauti walishindwa mara nyingi zaidi kuutambua ubaguzi ule. Fikirini maana yake kwa mtoto anayeonewa: akienda kumweleza mwenzake au mwalimu, anamweleza mtu aliyefundishwa kutoona.

(Niseme hapa kidogo. Wapo wanaotaka twende upande wa pili, tufanye kama alivyofanya mwalimu Jane Elliott wa jimbo la Iowa, Marekani, mwezi Aprili 1968, siku moja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, alipoligawa darasa lake la watoto wa miaka minane kwa rangi ya macho na kuwapa wa rangi moja hadhi, kisha akawageuza. Kisa hicho ni mashuhuri na kimewafumbua macho watu wazima wengi. Kwa watoto wa miaka minne singekifanya, wala singependa mtu akifanye kwenye darasa la mwanangu. Mtoto wa umri huo hajui kwamba zoezi litakwisha jioni.)

Turudi kwenye ile nyumba ya kuchezea. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kuwakutanisha watu wa makundi tofauti hupunguza chuki kukiwa na masharti fulani: wawe na hadhi sawa pale wanapokutana, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wenye mamlaka waonekane kuliunga mkono jambo hilo. Nilipoyasoma masharti hayo niliona darasa langu likihukumiwa moja baada ya jingine. Watoto wangu walikuwa wamechanganyika, naam. Lengo lilikuwa moja, na walishirikiana vizuri sana: mmoja aliosha, wengine wakala. Hadhi sawa haikuwepo. Na mwenye mamlaka, yaani mimi, alikuwa anajaza fomu.

Sikuwahutubia. Hotuba kwa mtoto wa miaka mitano ni kama mvua juu ya bati, kelele nyingi na chini pakavu. Nilianza kwa kwenda kucheza. Nilibisha hodi kwenye ile nyumba, nikasema mimi ni mgeni, nimechoka, mwenye nyumba leo ni nani? Kesho yake nikaja kama fundi wa bomba, nikataka nilipwe na mama mwenye nyumba, ambaye safari hii lazima awe mwingine. Wiki iliyofuata nikamwomba bibi yake yule msichana aje kutusimulia hadithi kwenye kipindi cha hadithi. Akasimulia kwa lafudhi yake, kwa utulivu, kwa sauti za wanyama ambazo mimi sitaweza kuzitoa hata nikifundishwa. Siku tatu nzima watoto waliiga namna yake ya kusema, na safari hii waliiga kwa kutamani. Kila aliyetaka kuwa msimulizi alitaka kuongea "kama bibi." Yule msichana akawa ndiye anayewasahihisha.

Haikuishia kwenye furaha hiyo. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba mwanawe ameanza kuongea "vibaya" nyumbani, kwamba yeye halipi ada mtoto akajifunze lafudhi ile. Mkuu wangu wa wakati huo aliniita, akaniambia kwa upole kwamba hadithi zisimuliwe na walimu tu. Bibi hakuitwa tena. Sikuwa na waraka wowote wa kumwonyesha mkuu, hakuna mstari mmoja kwenye mtaala niliokuwa nao uliosema kwamba nilichofanya ni sehemu ya kazi yangu. Allport alisema mamlaka ionekane kuunga mkono. Siku ile mamlaka ilikuwa upande wa mzazi aliyelalamika.

Na mstari huo haukuwa mgumu kuupata. Karibu kila nchi duniani imeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989. Ibara yake ya 29 inataka elimu imkuzie mtoto heshima kwa wazazi wake, kwa utamaduni wake, lugha yake na maadili yake, na pia kwa staarabu zisizo zake. Ibara ya 30 inamlinda mtoto wa jamii iliyo ndogo aweze kutumia lugha yake pamoja na watu wake. Maneno hayo yako kwenye makabati yenu. Kazi ni kuyashusha mpaka kwenye kiongozi cha mwalimu, kwa lugha ambayo mkuu wa shule akiisoma hawezi kuniambia bibi asirudi.

Nina kosa jingine la kukiri, nalo linahusu jina. Mvulana mmoja aliandikishwa kwangu akiwa na jina refu ambalo ulimi wangu ulikataa kulifuata. Siku ya pili nikalikata. Nikachukua silabi mbili za mwanzo, nikazifanya jina, darasa zima likafuata, na kwenye rejista yangu ya mahudhurio nikaandika hivyo hivyo. Alikuwa mtoto mpole, hakulalamika. Mwisho wa mwaka mama yake alikuja kumchukua mapema, akasimama mlangoni akamwita kwa jina lake, lote, alivyolipanga yeye na baba yake. Mtoto akainuka mbio, akamfikia, akamvuta nguo na kumnong'oneza, lakini nilisikia: "Mama, usiniite hivyo hapa."

Mama yule alinitazama. Hakusema neno, na mimi sikusema. Ningekuwa na ujasiri ningemwomba radhi pale pale. Tangu mwaka ule, wiki ya kwanza ya muhula siandiki jina la mtoto mpaka mzazi amelitamka mbele yangu mara tatu na mimi nimelirudia akaridhika. Inachukua muda, na walimu wenzangu hunicheka. Mkataa kwao ni mtumwa, tunawaambia watoto wakishakua, kana kwamba hawakufundishwa kukataa kwao na sisi wenyewe, saa mbili asubuhi, wakati wa kuita majina.

Lugha nayo iko hivyo hivyo. Katika karne ya 19 huko Wales, mtoto aliyesikika akizungumza Kiwelisi shuleni alivishwa kipande cha mbao shingoni. Akimsikia mwenzake naye ameteleza, anamhamishia, na atakayekutwa nacho jioni anachapwa. Bretagne huko Ufaransa walikuwa na chao. Shule nyingi za kikoloni barani Afrika zilikuwa na vyao pia, na wapo wazee wanaosoma barua hii waliowahi kuvivaa. Ubaya wa kifaa kile haukuwa kiboko tu. Kilimfundisha mtoto kumwinda mwenzake, na kuisikia lugha ya mama yake kama kosa la kuripoti. Mtaniambia hayo yamepita. Kibao kimepita, lakini bado kuna madarasa ya awali ambayo mtoto hutozwa faini, au hunyimwa zamu ya bembea, au husimamishwa mbele achekwe kwa sababu limemponyoka neno la nyumbani.

Na kuna usaili. Hili linanikera kuliko yote, niwe mkweli. Mtoto wa miaka mitatu na nusu anaketishwa mbele ya mtu mzima asiyemjua, anaulizwa kwa lugha isiyo ya kwao rangi ya mpira, na akinyamaza anaandikiwa "hajawa tayari." Anajua rangi ya mpira. Anaijua kwa lugha ambayo mwenye kuuliza haijui, lakini anayefeli ni mmoja tu kati yao. Shirika la UNESCO lilisema tangu mwaka 1953 kwamba lugha ya mama ndiyo bora kumwanzishia mtoto masomo. Ni zaidi ya miaka 70. Usaili wa lugha kwa watoto wa umri huo upigwe marufuku, na adhabu yoyote kwa kutumia lugha ya nyumbani itajwe kwa jina lake kwenye kanuni za nidhamu za walimu.

Mnaweza kusema haiwezekani, lugha ni nyingi mno darasani. Mimi pia sizijui zote. Wamaori wa New Zealand, walipoona lugha yao inakufa, walianzisha mwaka 1982 vituo vya watoto wadogo walivyoviita viota vya lugha, wazee wakiwa ndio wasemaji. Mwaka 1996 nchi hiyo ikatoa mtaala wake wa awali kwa Kimaori na Kiingereza, na jina lake, Te Whāriki, maana yake ni mkeka. Aliyewahi kukaa karibu na msusi wa mikeka hahitaji kuelezwa zaidi: kila ukili una rangi yake, na mkeka hautandikiki mpaka umeshonwa pamoja. Darasani kwangu nimefanya kidogo sana kuliko hapo. Kila mtoto analeta neno la salamu, neno la maji na neno la "naumwa" kwa lugha ya kwao. Nimeyaandika nyuma ya mlango. Maneno matatu tu, lakini mtoto aliyeanguka akasema anaumwa kwa lugha yake huwa ananikuta nimeelewa.

Siku ya utamaduni nitaigusa tu, maana najua mnaipenda. Mara moja kwa mwaka watoto huvalishwa mavazi, huchezeshwa ngoma, wageni hupiga picha. Sina ugomvi na ngoma. Ila mtoto anayecheza ngoma ya kwao Ijumaa na Jumatatu akachekwa kwa lafudhi yake amejifunza kwamba utamaduni wake ni wa jukwaani. Tena mara nyingi ni watoto wa jamii ndogo pekee wanaoambiwa "leteni vya kwenu," kana kwamba wengine hawana vya kwao, wao ndio kawaida.

Jambo ninalotaka mlifanyie kazi zaidi ni macho yetu. Mwaka 2016 Walter Gilliam na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliwaonyesha walimu wa awali video za watoto wanne wakicheza: mvulana mweusi na mweupe, msichana mweusi na mweupe. Waliwaambia watafute dalili za utundu. Hapakuwa na utundu wowote kwenye video zile. Kifaa kinachofuata macho kilionyesha kwamba walimu walikaa wakimtazama zaidi mvulana mweusi, na walimu weusi hawakusalimika na hilo. Anayetafuta kosa humwona yule aliyekwisha kumtarajia.

Niliposoma hayo nilichukua vifungo vya nguo 20, nikavitia mfuko wa kulia. Kila nilipomkemea mtoto wa kundi moja ambalo sitalitaja, nilihamisha kifungo kimoja kwenda kushoto. Wiki ya kwanza vifungo vilikwisha kabla ya Jumatano. Watoto wa kundi hilo walikuwa wanne kati ya 31. Wiki ya pili nilihesabu sifa badala ya makaripio, na vifungo vingi vilibaki kulia. Sikulala vizuri wiki hiyo. Hakuna mkaguzi aliyewahi kuniuliza jambo la namna hiyo. Wakaguzi wenu huhesabu chati ukutani, hupima andalio la somo, hutazama kama kucha za watoto zimekatwa. Badilisheni fomu. Muacheni mkaguzi akae saa moja aandike mambo mawili tu: ni watoto gani walioitwa kujibu, na ni gani waliokemewa. Karatasi hiyo apewe mwalimu mkononi, isiwe ya kumfukuza kazi, iwe ya kumwonyesha. Walimu wengi watashtuka kama nilivyoshtuka, na mshtuko huo unafanya kazi kuliko semina tatu.

Kuhusu vitabu na vifaa sitasema mengi. Kampuni ya Crayola ya Marekani ilikuwa na kalamu ya rangi iliyoitwa "rangi ya mwili," ikimaanisha mwili wa mtu mweupe, na ililibadilisha jina hilo mwaka 1962. Nami bado nawasikia walimu wakimwambia mtoto "paka rangi ya mwili" na kumpa kalamu moja. Mnapopitisha kitabu cha hadithi, tazameni nani anafikiri, nani anaamua, nani anachekwa, na nani anabeba mzigo nyuma. Picha ya mtoto kwenye kiti cha magurudumu iliyochorwa pembeni akipunga mkono haitoshi. Apewe na yeye kuwa mkorofi wa hadithi siku moja.

Na mkiajiri, ajirini pia wasaidizi wa darasa kutoka jamii ambazo watoto wake wanakuja kwetu. Yule bibi angelipwa kama msaidizi, hakuna mzazi angemwondoa kwa malalamiko ya asubuhi moja.

Sitawaomba mnijibu kwa barua. Nawaomba mje. Mje siku ya kawaida, isiwe siku ya maonyesho, bila msafara na bila kututangazia, maana tukijua mnakuja tutapaka ukuta rangi na kuwafundisha watoto wimbo. Viti vyetu ni vifupi, magoti yatawauma baada ya dakika kumi, vumilieni. Kaeni kwenye kona ya nyumba ya kuchezea, saa nne, baada ya hadithi. Watoto watawapa chai isiyokuwepo kwenye kikombe cha plastiki. Ipokeeni, shukuruni, kisha tazameni nani ameileta.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa darasa la awali